Mgonjwa Haulizwi Uji

Methali hii nimeisikia tangu utotoni bila kuitilia shaka. Mgonjwa haulizwi uji. Maana yake ya kawaida ni nzuri: mwenye shida usimsumbue kwa maswali, maana kuuliza mara nyingi ni njia ya heshima ya kukwepa kutoa. Ukimwambia mgonjwa "nikupikie uji?" atajibu usijisumbue, mwanangu. Ukiupika ukauleta, atakunywa. Waliotunga methali hii waliijua haya ya mtu anayehitaji msaada, na waliujua pia ubahili wa yule anayeuliza huku akiomba aambiwe hapana.

Wodini nimeanza kuisikia kwa sikio jingine. Haulizwi. Mdomo ni wake, koo ni lake, njaa ni yake, lakini uji ni uamuzi wa wengine. Na kwa wagonjwa ninaojifunza kuwahudumia katika shahada ya uzamili ya uuguzi, watu waliopata kiharusi wakapoteza uwezo wa kumeza vizuri, uamuzi wa wengine mara nyingi ni kwamba uji wenyewe asipewe. Karatasi inabandikwa kwa plasta ukutani juu ya kitanda: ASIPEWE KITU CHOCHOTE KWA MDOMO. Herufi ni kubwa, kila anayepita anaisoma, isipokuwa yule aliyelala chini yake.

Swali linalonisumbua ni hili: mtu mzima, mwenye akili timamu, akiomba chakula ambacho huenda kikamdhuru, nani ana haki ya kumnyima?

Nianze na hatari yenyewe, kwa sababu ipo, na ndugu wengi hawaijui.

Kiswahili kina neno kupaliwa. Kwetu nyumbani mtu akipaliwa huambiwa kuna mtu anamtaja huko aliko. Anapigwapigwa mgongoni, anacheka huku machozi yakimtoka, chakula kinaendelea. Kinachotokea ndani ni kwamba kooni kuna njia panda: mbele njia ya hewa, nyuma yake umio. Kila tunapomeza, na tunameza mara mamia kwa siku, hata usingizini, misuli zaidi ya 20 inapokezana kazi ndani ya sekunde moja hivi. Kaakaa laini linapanda kuziba njia ya puani, koromeo linavutwa juu na mbele, kifuniko ambacho kamusi hukiita kidakatonge kinainama juu ya njia ya hewa, pumzi inasimama, tonge linapita. Nalipenda jina hilo. Kidakatonge: kama golikipa, kazi yake ni kudaka. (Wengine hulitumia neno hilohilo kwa kimio, kile kinachoning'inia nyuma ya mdomo, lakini kimio hakidaki kitu.) Tonge likimponyoka kipa, kikohozi kinalitoa.

Kiharusi kinavuruga mpangilio huo wote. Takriban nusu ya wanaopata kiharusi huwa na shida ya kumeza siku za mwanzo. Wengi wao hurudi katika hali nzuri ndani ya wiki mbili hivi, wengine hawarudi. Na kinachotutisha sana wauguzi ni kupaliwa kimya, pale chakula kinapoingia njia ya hewa na kikohozi kisije. Mgonjwa anakunywa chai yake kwa raha, ndugu wanafurahi kwamba leo baba amekunywa kikombe kizima, na siku mbili baadaye anahema haraka, ana homa, mapafu yamejaa. Nimonia ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo baada ya kiharusi. Jambo linalowashangaza zaidi ndugu ni kwamba maji, kitu ambacho kila mtu hukiona hakina madhara, ndiyo yenye hatari kuliko uji mzito. Maji hukimbia. Yanafika njia panda kabla kipa hajajipanga.

Kwa hiyo karatasi ile ukutani haikuandikwa kwa roho mbaya. Virginia Henderson, muuguzi wa Kimarekani ambaye kila mwanafunzi wa uuguzi analazimika kukariri orodha yake, alitaja mahitaji 14 ya binadamu ambayo muuguzi humsaidia mgonjwa kuyatimiza. La kwanza ni kupumua. La pili ni kula na kunywa vya kutosha. Orodha hiyo tunaisoma mwaka wa kwanza kana kwamba mahitaji yote 14 yanakaa nyumba moja kwa amani. Kwa mgonjwa asiyeweza kumeza, la kwanza na la pili yanapigana, na uwanja wa vita ni koo.

Nikiwa katika mazoezi ya vitendo kwenye wodi ya wanaume, nilimhudumia mzee mmoja, dereva mstaafu wa lori. Nitamwita Mzee tu. Upande wake wa kulia ulikuwa umelala, maneno yalimtoka kwa shida kama mtu mwenye kokoto mdomoni, lakini akili yake ilikuwa nzima. Ukimuuliza leo siku gani, anakujibu, halafu anakuuliza Yanga wanacheza lini. Alikuwa katika wiki ya tano. Kila alipojaribiwa kwa kijiko cha maji sauti yake iligeuka ya majimaji, dalili kwamba kitu kimebaki pasipotakiwa. Aliwekewa mpira wa kulishia kupitia puani. Akauchomoa. Ukarudishwa, akauchomoa. Mara ya tatu mkono wake wa kushoto, ule mmoja uliobaki mzima, ulifungwa kwa bandeji kwenye chuma cha kitanda.

Ombi lake lilikuwa kahawa. Hakutaka wali, hakutaka samaki. Alitaka kahawa chungu, ile ya kikombe kidogo cha udongo inayouzwa na wale wanaogonganisha vikombe barabarani wakati wa jioni. Alikuwa ameinywa kijiweni tangu ujana wake, kila jioni aliyokuwa mjini.

Binti yake alikuwa akija mchana na jioni kutoka Mbagala, na hotipoti ya uji uliochujwa kwa ajili ya mpira. Alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka kama 15. Siku moja alinivuta pembeni, karibu na sinki.

"Mdogo wangu, kikombe chenyewe ni hiki," akanipimia kwa ncha ya kidole. "Kitamuua?"

Nikamwambia ukweli: kikombe kimoja, dada, huenda kisimfanye kitu, na huenda kikamletea nimonia. Hakuna anayeweza kujua kabla.

"Na asipokunywa atapona?"

Nikasema hilo siwezi kuliahidi.

Akaosha kifuniko cha hotipoti taratibu, akakikung'uta maji. "Sasa mnamlinda na nini?"

Swali lake lina majibu kadhaa, na si yote yanayotufurahisha sisi tulio upande wa karatasi.

Jibu la kwanza ni muda. Mgonjwa wa kiharusi katika siku ya pili, ambaye ubongo wake bado unajipanga, kumzuia asile kwa mdomo kwa wiki moja au mbili huku akilishwa kwa njia nyingine ni jambo ninaloweza kulitetea mbele ya mtu yeyote. Ni kama saumu: unavumilia njaa na kiu kwa sababu unajua magharibi itaingia. Lakini saumu isiyo na magharibi si saumu tena. Mtu anayeambiwa "subiri" katika wiki ya tano, bila yeyote kumwambia anasubiri nini, amekoma kuwa mgonjwa anayelindwa. Tunatumia maneno yaleyale na karatasi ileile kwa watu hawa wawili, na nadhani hapo ndipo fikra zetu zinapoanza kuvurugika.

Jibu la pili ni kwamba kinga tunayojivunia ni nyembamba kuliko herufi zile kubwa zinavyodai. Mpira wa puani hauzibi njia ya hewa. Mate yanaendelea kuteremka, na mate ya mdomo usiosafishwa yana vijidudu vingi kuliko kahawa yoyote. Mwaka 1998 Susan Langmore na wenzake walichapisha utafiti uliowafuatilia wazee 189 kuona nani hupata nimonia ya kupaliwa. Shida ya kumeza peke yake haikutosha kueleza. Waliokuwa hatarini zaidi walikuwa wale wanaotegemea kulishwa na mtu mwingine na wale wanaotegemea mtu mwingine kuwasafisha mdomo. Meno yaliyooza yalikuwemo kwenye orodha, na kulishwa kwa mpira pia. Miaka minne baadaye watafiti wa Japani, katika nyumba 11 za kulelea wazee, walionyesha kwamba wazee waliopigwa mswaki baada ya kila mlo walipata nimonia kidogo kuliko wale ambao hawakufanyiwa hivyo. Mswaki! Niliposoma matokeo hayo nilikumbuka wagonjwa ambao ulimi wao umeota utando mweupe kama ukoko wa sufuria, na karatasi imebandikwa vizuri kabisa juu yao. Asipewe kitu kwa mdomo, na kwa hiyo mdomo wenyewe ukasahauliwa.

Hata uzito wa kinywaji, ile dawa yetu kuu, una maswali yake. Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti wa Kimarekani uliowafuatilia watu 515 wenye Parkinson au dimensia ambao eksirei ilikuwa imeonyesha wazi kwamba wanapaliwa na maji. Baadhi walipewa vinywaji vizito, wengine maji ya kawaida wakifundishwa kuinamisha kidevu wanapomeza. Baada ya miezi mitatu haikuonekana tofauti ya kutegemeka katika nimonia, na waliopewa vinywaji vizito walionekana kupungukiwa maji mwilini zaidi. Hii haina maana kwamba uzito hausaidii. Unasaidia watu fulani, kwa namna fulani, na unawafanya wengine wachukie kunywa kabisa. Kuna vipimo vya kimataifa sasa vyenye ngazi kuanzia 0 hadi 7, kutoka maji mepesi hadi chakula cha kawaida, na ngazi za vinywaji zinapimwa kwa bomba la sindano la mililita 10 na sekunde 10 za saa. Vitu hivyo viwili kila wodi inavyo. Unga maalumu wa kuongezea uzito ndio haupatikani, na ukipatikana bei yake ni ya kigeni. Tunatumia uji. Uji una tabia ambayo mama yeyote anaijua: ukichovya kijiko kilichotoka mdomoni, baada ya muda unalegea ukawa maji, kwa sababu mate yanavunja wanga. Kwa hiyo uji uliopimwa mzito saa saba unaweza kuwa mwepesi na wa hatari saa saba na nusu, na bakuli ni lilelile. Jambo kama hili hulisomi ukutani. Linajulikana kwa mtu aliyekaa na bakuli mkononi.

Jibu la tatu linanikera, na nitalisema waziwazi. Karatasi inaandikwa kwa dakika moja. Kulisha kwa mpira ni kazi ya kila baada ya saa tatu au nne, usiku na mchana: kuinua kitanda, kuhakikisha mpira uko tumboni na haujahamia kwenye pafu, kusukuma taratibu, kusafisha kwa maji. Na chakula kinatoka wapi? Katika hospitali zetu nyingi kinatoka nyumbani. Binti akikwama kwenye foleni, au nauli ikikosekana, saa nne inakuwa saa saba. Tumeandika asipewe kwa mdomo. Kwa vitendo imekuwa asipewe. Hakuna aliyeamua hivyo. Ndiyo ubaya wake: hakuna pa kushika. Florence Nightingale aliliona jambo hili mwaka 1859, alipoandika katika kitabu chake juu ya uuguzi kwamba maelfu ya wagonjwa hufa njaa kila mwaka katikati ya wingi wa chakula, kwa kukosa tu mtu wa kuangalia namna ya kuwafanya wale.

Darasani tulisoma kesi maarufu. Nancy Cruzan wa Missouri, ambaye mwaka 1990 shauri lake lilifika Mahakama Kuu ya Marekani. Tony Bland wa Uingereza, mwaka 1993. Wote walikuwa vijana wasio na fahamu tena, na swali lilikuwa kama mpira wa kulishia ni tiba inayoweza kusitishwa au ni chakula ambacho hakuna binadamu anayeruhusiwa kumnyima mwenzake. Tulijadili saa mbili, kwa hamasa, na mjadala ule ni wa maana. Ila nilitoka nikiwaza kwamba kwetu mpira haungoji mahakama. Unasitishwa na daladala.

Niruhusiwe kuchepuka kidogo, kwa sababu suala la kumnyima mtu chakula kwa faida yake halianzii kwenye kiharusi. Kiswahili humsifu mzee kwa kusema amekula chumvi nyingi. Ni heshima: ameishi, ameona, msikilize. Halafu anakuja kliniki ya presha akiwa na miaka 70, anaambiwa chumvi basi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza chini ya gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na hapo umehesabu na chumvi iliyomo kwenye mkate. Ushauri ni sahihi. Lakini nimeona jinsi unavyotekelezwa majumbani: bibi anapikiwa sufuria yake peke yake, mchicha wa kuchemsha usio na ladha, anawekewa sahani yake pembeni, na familia nzima inakula sinia moja mezani. Amelindwa dhidi ya chumvi na amelindwa pia dhidi ya watu. Mlo wa tiba ukifanikiwa kumtoa mtu kwenye sinia la wenzake, sijui hesabu yake tunaifanyaje. Nyumba nyingine nimeona wote wamepunguza chumvi, limao na kitunguu saumu vikafanya kazi, sinia likabaki moja. Dawa ni ileile. Tofauti ni kwamba nyumba ya pili mtu alimuuliza bibi.

Narudi kwa Mzee.

Kilichobadilisha mambo ni muuguzi kiongozi wa wodi, mama wa makamo asiyependa maneno mengi. Daktari alipoitisha kikao cha familia barazani, yeye alisema kikao kitafanyika kitandani. Binti alikuwepo, mtoto wa kiume alikuwa kwenye simu kutoka Mwanza, spika imewashwa. Bandeji ilifunguliwa kwanza. Nilidhani ni kwa ajili ya heshima tu, lakini alieleza baadaye: mtu aliyefungwa mkono hawezi kuulizwa chochote, kwa sababu jibu lake lolote ni la mtu anayetaka kufunguliwa.

Daktari akamweleza Mzee hatari yote, polepole, kisha akamwambia aieleze kwa maneno yake.

"Naweza kufa," Mzee akasema. Ikachukua muda kutoka. Halafu: "Kahawa."

Binti alicheka na kulia kwa wakati mmoja. Simu ikanguruma. "Daktari, samahani, shikamoo. Mnataka kumuua baba yetu halafu mseme alikubali?"

Sitaki kumpuuza yule kijana. Hoja yake ni nzito kuliko inavyosikika. Ridhaa inaweza kuwa kichaka cha hospitali kujifichia: mgonjwa amesaini, sisi hatumo. Na mtu mwenye njaa ya wiki tano, aliyechoka, anayejiona mzigo kwa binti yake, ukimuuliza kama yuko tayari kuhatarisha maisha yake, unauliza mizani iliyokwisha kuelemea upande mmoja. Ndugu wanaosema "msimuulize, mgonjwa haulizwi" hawasemi hivyo kwa ubabe kila wakati. Wanaogopa kwamba atajibu kwa upole ule ule anaotumia kukataa uji: msijisumbue.

Lakini nikifuata hoja hiyo hadi mwisho wake, hakuna mgonjwa atakayewahi kuulizwa lolote, maana ugonjwa wote unaelemea mizani. Kinachobaki ni kupunguza mzigo upande ule kabla ya kuuliza. Fungua mkono. Mlishe vizuri kwa mpira siku mbili ili njaa isijibu badala yake. Mwambie binti aseme mbele yake kwamba yeye hajachoka, kama kweli hajachoka. Muuguzi kiongozi alidai hayo yote, na uamuzi ukangoja siku mbili. Mzee aliulizwa tena. Jibu halikubadilika.

Mpango ulikuwa hivi. Mpira ubaki kwa muda kwa ajili ya lishe kuu, na safari hii mwenyewe akauacha. Mdomo upigwe mswaki kabla na baada. Uji mzito kwa kijiko cha chai, nusu kijiko kwa kila mmezo. Kahawa vijiko vitatu, iliyopoa kidogo. Nilipendekeza tuiongezee uzito kwa uji kidogo, akaitazama, akaonja, akasema, "Hiyo si kahawa." Nikaona ana haki.

Watu hudhani kulisha ni kazi ya mtu asiye na kazi. Mgonjwa akae wima kabisa, miguu ikanyage kitu. Wewe ukae, usisimame, maana ukisimama atainua kichwa kukutazama na koo litafunguka upande usiotakiwa. Kijiko kiingie upande wenye nguvu. Usimsemeshe. Subiri kikoromeo kipande na kushuka, kisha subiri tena, kwa sababu mmezo wa kwanza huacha mabaki. Muombe aseme "aaa" usikie kama sauti ni kavu. Chungulia shavu lililolala, chakula hujificha humo kama kwa mtoto asiyetaka dawa. Baada ya kumaliza akae wima nusu saa. Bakuli dogo linachukua dakika 40, na zamu ya usiku nimeona muuguzi mmoja akiwa na wagonjwa zaidi ya 30. Ukipiga hesabu unaelewa kwa nini karatasi ni rahisi. Ni rahisi kwetu. Nadhani tungelisema hilo kwa uwazi, sehemu ya mabishano yetu ya kimaadili ingegeuka kuwa mabishano ya ajira na bajeti, na huko ndiko inakostahili kuwa.

Vijiko vile vitatu vilipita. Alikohoa kimoja, na kukohoa kulitufurahisha, maana kikohozi kipo. Katika siku kumi nilizobaki kwenye wodi ile alipata homa mara moja, ikatulia, na hakuna aliyejua kama ilitokana na kahawa au na sindano ya mshipani. Mazoezi yangu yakaisha nikahamishiwa kwingine.

Wanafunzi wenzangu wakisikia habari hii huuliza mwisho wake, kana kwamba mwisho ndio utakaosema nani alikuwa sahihi. Mimi sikubali. Angekufa siku ya tatu, uamuzi ungekuwa uleule, uliofanywa na mtu yuleyule aliyeelewa alichoambiwa. Angepona akarudi kijiweni, kijana wa Mwanza bado angekuwa na haki ya kusema tulicheza bahati nasibu. Najua msimamo wangu ni rahisi kuushikilia nikiwa si mwanawe.

Na una mpaka, ambao nimekutana nao muhula huu. Mzee aliweza kusema "naweza kufa". Sasa namfuatilia bibi mwenye dimensia iliyokwisha kwenda mbali, asiyesema chochote. Chama cha Madaktari wa Wazee cha Marekani tangu 2014 kinapendekeza wagonjwa wa aina yake walishwe kwa mkono kwa uangalifu badala ya kuwekewa mpira, kwa kuwa mpira hauwaongezei uhai wala hauwaondolei nimonia. Sawa, kwa mkono. Lakini mkono unafika na bibi anafunga mdomo. Anakataa chakula? Anamkataa aliyekibeba? Amesahau kwamba kijiko kinafunguliwa mdomo? Binti zake wanasema tumlazimishe kidogo, tumbane mashavu, ndivyo walivyolishwa wao wakiwa wadogo. Nimewakatalia, na nimewaeleza sababu: tonge lililosukumwa kwenye koo lisilo tayari ndilo linaloingia pafuni. Hiyo ni sababu ya kitaalamu. Nikiwa peke yangu najiuliza kama ningekataa hata kama ingekuwa salama.

Wiki iliyopita tulikuwa wawili kitandani kwake, mimi na mwenzangu wa darasa. Uji wa asubuhi alifunga mdomo kabisa. Mchana mjukuu akaleta mtori kwenye kikopo, akakaa mbele yake, akaonja mwenyewe kwanza. Bibi akafungua. Vijiko vinne. Cha tano akafunga, akageukia ukuta.

Mwenzangu akasema tuandike kwenye chati: amekataa. Nikasema tuandike: ameshiba. Tukabishana kwa sauti ya chini hadi muuguzi wa zamu akaja, akatuangalia wote wawili, akachukua kalamu, akaandika: mtori, vijiko vinne.